Klabu Imeelemewa: Ihame, Iungane na Jirani, au Ibaki Ilipo?

Barua nyingi za safari hii zinahusu raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande inayopendwa mno Sydney, Brisbane na miji ya kaskazini mwa Uingereza. Zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: klabu ikiishiwa nguvu, ipelekwe mji mwingine, iunganishwe na klabu nyingine, au iachwe ipambane ilipo? Tumechagua maswali sita.

Klabu ninayoishabikia imepata hasara misimu mitatu mfululizo. Viongozi wanatuambia tuchague moja, kuhama au kuungana. Lipi lina nafuu?

Usichague bado. Waulize kwanza hasara inatoka wapi, kwa sababu kuhama na kuungana hutibu matatizo mawili tofauti, na yapo mengine ambayo hakuna hata moja kati ya hayo linaloyagusa.

Klabu ya raga ya ligi huishi kwa mapato ya aina nne: mgao wa ligi unaotokana na haki za televisheni, viingilio pamoja na tiketi za msimu, wadhamini, na biashara za pembeni. Kwa Sydney aina hiyo ya nne ni nzito sana. Timu nyingi zimebebwa miaka na miaka na vilabu vya wanachama vyenye kumbi za chakula, baa na mashine za kamari. Uingereza tegemeo la namna hiyo halipo kwa kiwango hicho, ndiyo maana tajiri mmoja akijitoa huko klabu nzima huyumba mara moja.

Kabla ya mkutano wowote wa kupiga kura, wanachama wadai karatasi tano. Ya kwanza ni makadirio ya fedha zinazoingia na kutoka wiki kwa wiki kwa wiki 13 zijazo. Hapo ndipo utajua kama klabu inakufa mwezi ujao au ina muda wa kufikiri. Ya pili ni idadi ya watazamaji kwa misimu mitatu, waliolipa wakitengwa na waliopewa tiketi za bure. Ya tatu ni ramani ya wanapoishi wenye tiketi za msimu. Ya nne ni mkataba wa pango la uwanja, pamoja na tarehe ya mwisho na nani anachukua mapato ya vinywaji, chakula na maegesho siku ya mechi. Ya tano ni orodha kamili ya madeni, na deni la kodi liandikwe juu kabisa, kwa sababu mamlaka ya kodi ndiye mdai ambaye mara nyingi huipeleka klabu mahakamani.

Ukiona mishahara inapita uwezo, kuhama hakutasaidia. Utahamisha hasara ile ile na kuiongezea gharama ya malori. Ukiona uwanja ndio unaonyonya fedha, badilisha uwanja, si mji. Ukiona watu wenyewe wameondoka mtaani na vijana hawasajiliwi tena, hapo kuhama kunastahili kujadiliwa. Na ukiona klabu mbili zinagombania wadhamini wale wale, watoto wale wale na Jumapili ile ile, hapo kuungana kuna hoja.

Bradford Bulls ni ushahidi kwamba mji si kila kitu. Ilitwaa ubingwa wa Super League, ligi kuu ya Uingereza, 1997, 2001, 2003 na 2005, ikiwa na mji mkubwa nyuma yake na uwanja wa Odsal wenye historia ndefu. Hata hivyo iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi 2012, 2014 na tena 2016, na Januari 2017 kampuni ikafungwa. Wapenzi wa raga walikuwepo wakati wote huo. Kilichokosekana kilikuwa matumizi yanayolingana na mapato. Kampuni mpya ilianza msimu wa 2017 daraja la pili ikiwa imekatwa pointi 12, na hakuna muungano wala mji mpya ambao ungeizuia njia hiyo bila kwanza kupunguza matumizi.

Kwa nini muungano wa St George na Illawarra umedumu, wa Balmain na Wests pia, lakini ule wa Manly na North Sydney ulivunjika baada ya miaka mitatu?

Ili jibu lieleweke, tuanze na vita vya Super League, jina lililotumika Australia pia. Mwaka 1997 Australia ilikuwa na mashindano mawili hasimu: ligi ya zamani yenye timu 12, na Super League ya kampuni ya habari ya News, iliyokuwa na timu 10. Zilipopatana, NRL, ligi kuu ya sasa ya Australia, ilianza 1998 na timu 20, kwa makubaliano kwamba kufikia 2000 zibaki 14. Kwa hiyo miungano ile haikuzaliwa kwa mapenzi. Kila klabu ilitazama orodha ya vigezo, ikajiona iko karibu na mstari wa kukatwa, ikatafuta mwenzake. Nyingine zilifungwa moja kwa moja: Western Reds ya Perth, South Queensland Crushers na Hunter Mariners mwisho wa 1997, kisha Adelaide Rams na Gold Coast Chargers mwisho wa 1998.

St George na Illawarra waliwahi, wakaanza kucheza pamoja 1999. St George ilikuwa na jina zito, ubingwa 11 mfululizo kuanzia 1956 hadi 1966. Illawarra, iliyoingia ligi kuu 1982, haikuwa na ubingwa, lakini ilikuwa na eneo zima la Wollongong lenye kutoa wachezaji bila kukauka. Mmoja alileta historia na mwingine akaleta vijana na ardhi. Maeneo yao hayakuwa yakigombana. Kogarah, makao ya St George, na Wollongong yametengana kwa takriban kilomita 70. Mwaka ule ule wa kwanza walifika fainali kuu, wakafungwa na Melbourne Storm 20 kwa 18 mbele ya watu 107,999, na 2010 wakachukua ubingwa. Usisahau lakini kwamba mzani haukuwa sawa: jina la Dragons na ile V nyekundu ya jezi ya St George vilibaki, jina la Steelers la Illawarra likatoweka katika ligi kuu. Wapo watu wa Wollongong ambao hadi leo wanahisi walimezwa, na wana sababu.

Balmain na Western Suburbs walianza pamoja msimu wa 2000 kama Wests Tigers. Hawa waligawana kwa uangalifu zaidi: neno Wests likatoka upande mmoja, Tigers upande wa pili, na jezi ikachanganya rangi ya machungwa, nyeusi na nyeupe. Walichukua ubingwa 2005 kwa kuifunga North Queensland Cowboys 30 kwa 16. Uwanjani muungano umezaa matunda. Katika bodi umekuwa mzigo. Walianza kwa hisa nusu kwa nusu, na hisa za namna hiyo zina kasoro ya asili: wakikosa kukubaliana hakuna wa kuamua. Upande wa Balmain ulipoishiwa fedha, uwiano ulivunjika, na sasa upande wa Wests unashikilia asilimia 90. Viwanja navyo vimebaki swali lisilokwisha. Leichhardt, wa upande wa Balmain, na Campbelltown, wa upande wa Wests, vimetengana kwa karibu kilomita 50, na baadhi ya mechi zimechezwa Parramatta. Mwenye tiketi ya msimu wa Campbelltown hununua mechi chache tu za karibu na kwake, na mdhamini wa duka la mtaani hulipa kulingana na hizo chache.

Northern Eagles, yaani Manly na North Sydney, walikosea kila jambo, ilhali wengine wawili walipatia angalau moja. Manly na Norths walikuwa mahasimu wa muda mrefu, na majirani kabisa, kwa hiyo hakuna aliyeleta eneo ambalo mwingine hakuwa akiliona kutoka dirishani kwake. Walijaribu kupata eneo jipya kwa kupeleka mechi Gosford, Pwani ya Kati, na kuzigawanya na Brookvale, uwanja wa Manly. Norths walikuwa tayari wamejeruhiwa kifedha na mpango wao wenyewe wa kuhamia Gosford, baada ya ujenzi wa uwanja kuchelewa. Jina la timu halikuwa la Manly wala la Bears, jina la utani la North Sydney. Shabiki wa Manly aliona ameporwa, wa Norths aliona amefutwa, na wa Gosford aliona timu ya wageni inayopita. Muungano ulidumu 2000 hadi 2002. Ulipovunjika, leseni, yaani haki ya kucheza ligi kuu, ilibaki kwa Manly, ikarudi 2003 kwa jina lake la zamani na ikachukua ubingwa 2008 na 2011. North Sydney, moja ya klabu zilizoanzisha ligi 1908, ilibaki bila nafasi ligi kuu.

Kwa maoni yetu, la leseni ndilo zito kuliko yote hapo. Katika muungano wowote swali la kuuliza mapema ni hili: tukitengana, leseni itabaki kwa nani? Kama jibu halijaandikwa, yule mwenye fedha siku ya kutengana ndiye atakayebaki nayo.

Nimesoma kwamba 1995 klabu nyingi za Uingereza zilitaka kuunganishwa na mashabiki wakakataa. Walikuwa sahihi?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na miaka 30 iliyofuata imewapa haki.

Aprili 1995, fedha za News zilipofika Uingereza, mpango wa kwanza ulikuwa kuunda timu za maeneo. Castleford, Featherstone na Wakefield ziwe timu moja iitwayo Calder. Hull na Hull Kingston Rovers ziwe Humberside. Warrington na Widnes ziwe Cheshire. Klabu za pwani ya Cumbria ziwe kitu kimoja. Mashabiki waliandamana, wengine wakaapa hawatakanyaga uwanjani tena, na mpango ukaachwa kabla ya Super League kuanza 1996. Ofa ya pauni milioni 77 ikapandishwa hadi milioni 87, na klabu zikabaki na majina yao.

Itazame Hull. Hull FC ilichukua Kombe la Challenge, kombe la mtoano la Uingereza, 2005, 2016 na 2017. Hull KR, jirani yake ng'ambo ya mto, ilitwaa vikombe vyote vitatu 2025: Kombe la Challenge, ngao ya kuongoza ligi na fainali kuu. Mchezo wao wa watani ni miongoni mwa siku kubwa za raga Uingereza. Mpango wa 1995 ungefuta siku hiyo kabisa, na fedha zake pamoja nayo. Hapo ndipo hesabu za makaratasi hudanganya: huchukua watazamaji 8,000 wa klabu moja na 7,000 wa nyingine, zikajumlisha 15,000. Ukweli ni kwamba watu wengi huja kwa sababu ya ule uhasama. Ukiuondoa, unabaki na kundi moja lililopungua, na kundi la pili limekaa nyumbani kwa hasira.

Miungano miwili ilifanyika mwisho wa 1999, yote kwa kishawishi cha fedha. Gateshead Thunder, iliyokuwa imemaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya sita, iliunganishwa na Hull FC. Wachezaji wengi wazuri walihamia Hull, na Gateshead ikatoweka. Sheffield Eagles, mwaka mmoja tu baada ya kuishangaza Wigan 17 kwa 8 katika fainali ya Kombe la Challenge ya 1998, iliunganishwa na Huddersfield. Timu ya Huddersfield-Sheffield ilishika mkia 2000, na msimu uliofuata jina la Sheffield lilikuwa limeshaondolewa. Miji yote miwili iliyoachwa iliunda klabu mpya karibu papo hapo: Sheffield ilirudi madaraja ya chini 2000, Gateshead 2001. Watu wakianzisha klabu upya ndani ya mwaka mmoja au miwili, ni wazi hawakuwahi kukubali kuunganishwa.

Muungano mmoja wa Ulaya ulifaulu vizuri, na tunautaja ili mizani iwe ya haki. Kusini mwa Ufaransa, XIII Catalan na Saint-Estève ziliungana 2000, na tunda lake ni Catalans Dragons ya Perpignan, iliyoingia Super League 2006 na kuchukua Kombe la Challenge 2018. Walikuwa eneo moja, lugha na utambulisho mmoja wa Kikatalani, uwanja mmoja mkuu, na lengo ambalo hakuna kati yao aliyeweza kulifikia peke yake.

Mnasema machache kuhusu kuhama. Hakuna klabu iliyohama ikafanikiwa?

Kuhama kwa mbali katika raga ya ligi kuna rekodi mbaya. Hakuna klabu ya asili ya Sydney iliyowahi kuhamishiwa mji mwingine kabisa ikabaki katika ligi kuu, ingawa zimetishiwa mara nyingi. Newtown ilipokuwa hoi ilizungumziwa kupelekwa Campbelltown. Haikufika, na 1983 ukawa msimu wake wa mwisho ligi kuu. Western Suburbs ndiyo iliyokwenda huko 1987, kutoka Lidcombe, na huo ulikuwa mwendo wa ndani ya jiji lile lile. Canberra Raiders nayo ilisogea kutoka Queanbeyan hadi uwanja wa Bruce 1990. Ni mwendo mfupi wa gari, na watazamaji waliweza kuufuata.

Uingereza ina mifano miwili ya kusoma kwa makini. London ilianza kama Fulham 1980, ikaifunga Wigan 24 kwa 5 mbele ya watu 9,554 katika mechi ya kwanza. Kisha umati ukapungua, klabu ya soka iliyoimiliki ikaiacha 1984, na tangu hapo imehama uwanja baada ya uwanja, ikibadili jina kuwa London Crusaders, London Broncos, Harlequins, kisha London Broncos tena. Kila kuhama kulikata uzi na mashabiki wachache waliokuwa wameanza kuzoea. Crusaders ya Wales nayo iliingia Super League 2009 ikiwa Bridgend, kusini, ikashika mkia, kisha 2010 ikahamia Wrexham, kaskazini. Uwanjani ilipanda hadi nafasi ya nane na kufuzu hatua ya mtoano. Kifedha haikupanda. Ilipita mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, na Julai 2011 ikajiondoa. Kusini hakukuwa tena na timu ya Super League, na kaskazini hawakupewa muda wa kuipenda.

Kosa la kibajeti linalorudiwa ni hili: watu huandika makadirio kwa umati wa mechi ya kwanza. Mechi ya kwanza huleta wadadisi. Andika bajeti kwa umati unaoutarajia mechi ya nne ya nyumbani, siku ya mvua, dhidi ya mpinzani asiye na jina. Hesabu kwamba mwenye tiketi ya msimu aliye mbali na uwanja mpya kwa zaidi ya dakika 90 za safari hatakuja, hata akiapa. Weka akiba ya kufidia hasara kwa misimu mitatu kamili, na ianze kulipwa kabla ya mechi ya kwanza. Usipokuwa nayo, usihame.

Umbali una gharama ambazo Sydney hazionekani. Perth iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Sydney, na Western Reds ilibebeshwa hata gharama za usafiri wa timu zilizokuja kucheza nayo. Hapana klabu changa inayoweza kustahimili hilo. Mpango mpya wa Perth Bears, utakaoanza 2027, umejengwa tofauti. Hakuna mji unaonyang'anywa timu, kwa sababu North Sydney ilikuwa nje ya ligi kuu tangu muungano ule uvunjike. Inaleta jina, rangi nyekundu na nyeusi na mashabiki wa zamani, huku ikiendelea kuwa na timu yake Sydney. Serikali ya jimbo imeweka fedha. Na saa za Perth ziko nyuma ya Sydney kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, kwa hiyo mechi ya jioni Perth huingia usiku wa mashariki bila kugongana na nyingine, jambo ambalo televisheni hulilipia. Hili ndilo umbo la kuhama tunaloliamini: jina lililolala linapewa mji wenye njaa, pamoja na mtaji wa miaka.

Bodi yetu imeshaamua kuungana na jirani. Mkataba uwe na nini, na tufuate hatua zipi?

Anzeni kwa barua ya ligi. Kabla jambo halijatangazwa, ligi ithibitishe kwa maandishi kwamba klabu mpya itapata leseni, daraja gani, mgao kiasi gani na kwa misimu mingapi. Ahadi ya mdomo ya kiongozi wa ligi hufa siku anapobadilishwa.

Kisha kila upande uajiri mhasibu wake asiye na uhusiano na bodi, na mpeane vitabu kwa wiki nne. Tafuteni madeni yasiyoonekana haraka: fedha za tiketi za msimu ujao ambazo zimeshapokelewa na kutumika, likizo za wafanyakazi zisizolipwa, mikopo ya wakurugenzi, na wajibu wa kuukarabati uwanja mkataba wa pango ukiisha. Msichanganye madeni. Kila upande usafishe lake, au libaki katika kampuni ya zamani na kulipwa kutoka kwenye mgao wake. Klabu iliyoungana ikirithi deni la mmoja, yule mwingine atalitaja katika kila kikao hadi siku ya kuvunjika.

Kuhusu udhibiti: msigawane nusu kwa nusu. Ama mmoja awe na wingi ulio wazi na mwingine alindwe kwa orodha fupi ya mambo yasiyobadilishwa bila ridhaa yake, yaani jina, rangi, uwanja na akademi, ama aingie mshirika wa tatu huru mwenye kura ya kuamua. Mwenyekiti asitoke upande wowote kwa miaka mitano ya mwanzo.

Uwanja uwe mmoja. Katika NRL timu hucheza mechi 24 za msimu wa kawaida, 12 zikiwa za nyumbani. Nane au zaidi zichezwe mahali pamoja. Zilizobaki zipelekwe kwa upande wa pili zikiwa sikukuu halisi, na tarehe zake zijulikane tangu Novemba. Sita kwa sita inaonekana haki, lakini humfanya kila shabiki kuwa mgeni nusu ya mwaka, na mnalipa wafanyakazi, vibali na matengenezo mara mbili.

Wachezaji ni tatizo la hesabu. Kikosi cha kwanza cha NRL ni wachezaji 30, na kikomo cha mishahara ni kimoja kwa klabu moja. Vikosi viwili vina mikataba karibu 60. Iulizeni ligi mapema kama itatoa nafuu ya kikomo kwa msimu mmoja au miwili, na wekeni fungu la kuvunja mikataba. Angalieni kalenda: mchezaji anayeingia mwaka wa mwisho wa mkataba anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine kuanzia 1 Novemba. Mkitangaza Agosti na kufika Novemba bila kumwambia kila mtu nafasi yake, wazuri wataondoka na mtabaki na wale wasiotakiwa kwingine. Uingereza kuna kanuni za 2006 zinazolinda ajira biashara inapohamishiwa kwa mwajiri mwingine, kwa hiyo wakili wa kazi aingie tangu wiki ya kwanza.

Akademi ziacheni mbili. Mzazi humpeleka mtoto anapoweza kufika baada ya shule.

Halafu kura. Kama klabu ni kampuni ya wanachama Australia, kubadili katiba huhitaji azimio maalum la asilimia 75 ya kura zilizopigwa, na taarifa ya mkutano itolewe siku 21 kabla. Uingereza ni asilimia 75 pia, na kwa kampuni binafsi taarifa ni siku 14. Msichukulie kizingiti hicho kirahisi. South Sydney ilipopigia kura mwaka 2006 kuuza asilimia 75 ya klabu kwa mwigizaji Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court, waliokubali walikuwa asilimia 75.8. Wapeni wanachama rasimu nzima ya mkataba, si muhtasari, na angalau mwezi mmoja wa kuisoma.

Mwisho wa mkataba kuwe na kifungu cha kutengana: leseni inabaki kwa nani, majina na nembo zinarudi kwa nani, nani analipa wachezaji waliobaki. Nembo za zamani zisajiliwe kwa jina la chama cha mashabiki au klabu ya madaraja ya chini, zisiuzwe kwa mdai.

Na tukikataa yote mawili? Kuna klabu iliyobaki ilipo na kupona?

Zipo, na ndiyo njia tunayoipendelea kila inapowezekana. South Sydney ilikataa kuungana, ikaondolewa ligi mwisho wa 1999. Watu wapatao 80,000 waliandamana Sydney Novemba 2000, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaipa haki Julai 2001, na 2002 ikarudi. Mahakama Kuu, ambayo Australia ndiyo ya juu kabisa, ilitengua hukumu ile 2003, lakini klabu ilikuwa tayari ndani. Kurudi hakukuwa kupona. Ilishika mkia 2003, 2004 na 2006. Iliyoiponya ni mtaji mpya na uamuzi wa kupeleka mechi za nyumbani kwenye uwanja wa Olimpiki kuanzia 2006 huku makazi na mazoezi yakibaki Redfern. Ubingwa ulikuja 2014, wa kwanza tangu 1971. Ilihama uwanja tu. Mtaa wake haikuuacha.

Cronulla Sharks ilizungumziwa kupelekwa mbali mara nyingi. Ilikuwa na kitu ambacho wengi hawana: ardhi yake yenyewe kuzunguka uwanja. Ilijenga makazi na maduka juu ya ardhi hiyo, ikapunguza deni, na 2016 ikachukua ubingwa wa kwanza katika historia yake. Kwa hiyo klabu yenye ardhi isiiuze kulipa mishahara ya msimu mmoja. Iendelezwe kwa ubia, hati ibaki kwa klabu.

Kuhama kwa muda nako kunakubalika kama tarehe ya kurudi imeandikwa. St Helens iliondoka Knowsley Road 2010, ikacheza msimu wa 2011 Widnes, ikaingia uwanja wake mpya 2012. Bradford ilikwenda Dewsbury 2020 na kurudi Odsal mwaka uliofuata. Unaweza pia kuuza mechi moja au mbili za nyumbani kwa mji usio na timu, kwa ada inayolipwa kabla. Mbili zinatosha, ya tatu huanza kuwaudhi wenye tiketi za msimu.

Na kuna kushuka daraja kwa hiari, jambo ambalo bodi huogopa kulitamka. Newtown haikushuka kwa hiari, na haijacheza ligi kuu tangu 1983, lakini ipo hai, inacheza uwanja wa Henson Park katika ligi ya jimbo la New South Wales, na 2019 ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo. Bajeti yake inalingana na mapato yake, jezi ni ile ile ya buluu, na mtoto wa mtaa ule bado ana timu ya kuitwa yake. North Sydney iliishi vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 20, na ndiyo iliyoiwezesha kuwa na jina la kupeleka Perth. Kama mizania yenu haibebi ligi kuu hata baada ya kupunguza mishahara na kubadili uwanja, ombeni kushuka mapema, mkiwa bado na uwezo wa kuwalipa wadai na kubaki na nembo mikononi mwenu.